Dele Lililorudi Nyumbani



Alasiri ya Jumatano moja, jua likiwa limeanza kuinamia upande wa bara, nilitoka nyumbani kwetu Kibokoni nikiwa na shughuli ambayo sijapata kuwa nayo maishani mwangu. Nilikuwa nikienda kujifunza kupika kahawa. Msomaji asicheke. Nimevuka umri wa miaka 50, kahawa ya Mji wa Kale nimeinywa tangu kidevu changu hakijaota ndevu, na lau siku ile ningeulizwa kinachotangulia deleni ni maji au ni buni, ningebaki kukohoa.

Sababu ya safari ile fupi ni darsa niliyoitoa mwenyewe. Wiki chache nyuma, baina ya Maghribi na Isha, nilizungumzia israfu, nami nikatolea mfano vijana wetu wanaovuka daraja kwenda kukaa katika mikahawa ya kisasa yenye viyoyozi. Nilipiga hesabu mbele ya watu. Kikombe kimoja cha kahawa ya maziwa yenye povu ni shilingi 350. Mara tatu kwa wiki ni shilingi 1,050. Kwa mwezi yapita 4,000, na hiyo ni karo ya mtoto madrasani kwa miezi kadhaa. Hapa kwetu finjani ni shilingi 10! Watu walitikisa vichwa, nami nikashuka nikiwa nimeridhika na maneno yangu.

Nisichokijua ni kwamba binti yangu mkubwa, ambaye ameajiriwa katika afisi moja ng'ambo ya daraja, alikuwa upande wa wanawake akisikiliza. Hakusema neno siku ile. Siku ya pili, baada ya chakula cha usiku, nilipokuwa nikitafuta kofia ili nitoke, aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba, uniwie radhi. Darsa niliisikia, na hesabu yako ni ya haki. Lakini wewe kahawa yako waenda kuinywa nje kila usiku, nasi twalala hujarudi. Mimi nikitaka kukaa na wenzangu tuzungumze, nikae wapi? Barazani?"

Nilivaa kofia, nikatoka, nikaenda barazani kama kawaida. Lakini kahawa ya usiku ule haikunipendeza.

Mwenye kuufahamu Mji wa Kale wa Mombasa ajua kwamba barabara zake ni mbili au tatu tu, na zilizobaki ni vichochoro ambavyo mkokoteni na mtu mwenye kikapu hawawezi kupishana bila kuombana radhi. Nilishika Ndia Kuu, nikiiacha Ngome nyuma yangu, ile waliyoijenga Wareno mwaka 1593, nikapita chini ya roshani za mbao na kando ya milango ya nakshi ambayo mingine imeanza kuliwa na chumvi. Nikapita Msikiti wa Mandhry, na mnara wake uliochongoka kama mshumaa, ambao hutajwa kuwa wa mwaka 1570, nikateremka hadi kwenye Bandari ya Zamani.

Hapo nilisimama kidogo, kama nisimamavyo kila nipitapo. Leo bandari ile ina mashua chache. Lakini wazee waliotulea walikuwa wakitusimulia jinsi pepo za kaskazi zilivyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakishusha tende na mazulia, kisha kusi ikayarudisha yakiwa na boriti za mikoko. Ada ya kahawa ilitujia kwa njia hiyo ya bahari, pamoja na dele na finjani, na hata pamoja na jina lenyewe. Yemen ndiko unywaji wa kahawa ulikoanzia kwa habari zilizo za kutegemewa. Masufi wa huko, katika karne ya 15, waliinywa ili macho yasisinzie katika dhikri za usiku. Mmea wenyewe asili yake ni Uhabeshi, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Sham, na bandari ya Mokha ikatajirika kwa kuisafirisha buni duniani.

Ajabu ni kwamba bara yetu wenyewe haikuchelewa sana kuupata mmea huo. Mwaka 1893 wamisionari wa Kifaransa walipanda mibuni Bura, katika vilima vya Taita, mahali ambapo mtu atokaye Mombasa asubuhi hufika kabla ya adhuhuri. Leo buni ya Kenya yasifiwa Ulaya na Marekani, na sehemu kubwa yake huko ndiko iendako, nasi tulioilima twanywa chai. Mwambao peke yake ndio ulioshika dele.

Mzee anayetuuzia kahawa hukaa penye pembe ya uchochoro mmoja usio mbali na hapo. Jiko lake la makaa, dele lake la shaba, ndoo ya maji ya kuoshea finjani, na sahani ya kashata iliyofunikwa kwa kitambaa: duka lake lote ni hilo. Nilimtolea salamu, nikaketi, nikamwambia nililolijia. Alinitazama kwa muda.

"Sheikh, leo kuna nini? Wataka kuninyang'anya riziki yangu?"

"La hasha, Mzee. Nataka mke wangu na watoto wangu waonje kahawa yako, nao hapa hawawezi kuja."

Alinyamaza, akayapuliza makaa. Kisha akasema kwamba katika miaka yote aliyouza kahawa ameulizwa mengi, bei, habari za mji, hata ndoto, lakini jinsi ya kuipika hakuulizwa. Akaanza kunieleza, nami nikatoa kalamu.

Alichonieleza kwanza ni habari ya moto. Kahawa ya barazani haipikwi kwa moto wa kuchemshia mchele. Maji yachemke kwanza, ndipo buni iliyotwangwa itiwe. Kisha povu lipandapo, dele liinuliwe, litulie, lirudishwe. Mara tatu. Baada ya hapo lisogezwe kando ya jiko, likae juu ya majivu ya moto, buni ishuke chini yenyewe. Tangawizi itwangwe, isikatwekatwe, nayo itangulie kwenye maji pamoja na iliki. Buni isisagwe ikawa vumbi, kwani vumbi halishuki chini, na mnywaji ataitafuna kahawa badala ya kuinywa. Nilipomuuliza vipimo, alikunja kiganja chake akanionyesha. Ilinibidi niende nacho kichwani hadi nyumbani, nikakipime kwa kijiko.

Nikiwa pale, wenzangu wa barazani walikuja mmoja mmoja, wakataka kujua ninaandika nini. Maneno yakaenda hadi kwenye historia, maana mmoja wao alidai kwamba kahawa imewahi kuharamishwa Makka. Ni kweli, na kisa chenyewe nimekifikiria sana tangu siku hiyo. Mwaka 1511, sawa na 917 Hijria, Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa masoko na maadili mjini humo, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakinywa kahawa kwa kupokezana. Alikusanya mafakihi na matabibu, ikaamuliwa kahawa izuiwe, ikachomwa hadharani. Lakini amri iliyokuja baadaye kutoka Cairo kwa Sultani haikuwa kali kiasi hicho. Ilikemea mikusanyiko yenye maovu, kinywaji chenyewe ikakiacha. Wanazuoni waliokitetea walisema vivyo hivyo, kwamba jani na punde havina kosa, na la kutazamwa ni watu wamekaa wapi, na nani, wakifanya nini.

Basi hata miaka 500 iliyopita ugomvi haukuwa juu ya kilichomo kikombeni. Ulikuwa juu ya kikao. Lugha yetu nayo yashuhudia: neno mkahawa limetokana na kahawa, hali mikahawa yetu mingi yauza pilau na mandazi. Tuliita nyumba kwa jina la kinywaji, lakini watu walikuwa wakiifuata nyumba. Binti yangu hakuwa akilipa shilingi 350 kwa ajili ya povu. Alikuwa akikodi kiti. Mimi cha kwangu nilikuwa nimekikodi kwa shilingi 10 kila usiku kwa miaka mingi, na juu ya hayo nikawa namtolea yeye darsa.

Kutoka hapo nilikwenda Marikiti. Nilinunua robo kilo ya buni mbichi, iliki kidogo, kipande kikubwa cha tangawizi na vijiti vya mdalasini. Yote hayakufika shilingi 500. Dele nililikuta nyumbani, juu ya kabati, limejaa vumbi. Lilikuwa la marehemu mamangu, nalo tangu afariki halijawahi kushushwa isipokuwa kupigwa picha.

Sasa nieleze jikoni, maana najua kuna wasomaji, hasa akina mama, ambao wamevumilia historia yote hii wakingojea vipimo.

Buni mbichi hukaangwa katika kikaango kizito kikavu, bila mafuta, kwa moto wa wastani, na mkono usiache kukoroga. Madirisha yafunguliwe, kwani moshi ni mwingi. Jirani yetu alituma mtoto kuuliza kama kuna linaloungua. Punje hutoka ukijani zikawa za manjano, kisha hudhurungi, halafu huanza kualika kama bisi. Kwa kahawa chungu yetu huendelezwa mbele ya hapo hadi zikaribie weusi na kutoa mng'ao, lakini zisiwe mkaa. Kwangu ilichukua kama robo saa. Humwagwa papo hapo juu ya sinia na kupepewa, la sivyo zitaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Ziachwe hadi kesho yake ndipo zitwangwe, na kila mara zitwangwe za kutosha siku hiyo tu. Zilizobaki zitiwe katika chupa kavu yenye kifuniko, mbali na bizari, maana buni hunywa harufu za majirani zake. Asiyetaka taabu hii anunue iliyokwisha kukaangwa, hakuna lawama.

Kwa dele la lita moja, kile kiganja cha Mzee kilikuja kuwa vijiko vitano vya mezani vilivyojaa. Tangawizi ni kipande cha ukubwa wa kidole gumba, iliki punje tano zilizopasuliwa. Robo kilo yangu, baada ya kupungua uzito kwa kukaangwa, imenipatia madele matano, na kila dele hutoa finjani 15 au zaidi. Mwenye kupenda hesabu atagawanya mwenyewe. Sukari haitiwi, pembeni huwekwa tende, au kashata, au kipande cha halua kikipatikana.

Hiyo ni kahawa yangu. Lakini kikao hakikuwa changu peke yangu, na vijana wana kahawa yao.

Jaribio la kwanza la kahawa ya maziwa niliharibu. Nilitaka kujionyesha, nikatia tangawizi mbichi iliyotwangwa moja kwa moja kwenye maziwa, nikaweka motoni. Maziwa yalikatika, yakawa mabonge na maji. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Tangawizi mbichi hukata maziwa," alisema. "Huchemshwa kwanza kwenye maji, ikishachemka sawasawa ndipo maziwa hufuata. Chai unayoinywa kila asubuhi wadhani yapikwa vipi?" Miaka zaidi ya ishirini naletewa chai ile mezani, na sikuwahi kuuliza.

Njia iliyofaa ni hii. Pika kahawa kwa nusu ya maji, yaani vijiko vitano kwa nusu lita, ili iwe nzito, uichuje kwa kitambaa safi. Maziwa yapashe moto mpaka yaanze kutoa mvuke, yasichemke. Uyatie katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko imara, yasizidi theluthi ya chupa, uifunike kwa kitambaa ili isikuunguze, uitikise kwa nguvu kadiri ya kuhesabu hadi arubaini. Hufumka povu zito. Mimina theluthi moja ya kahawa na theluthi mbili za maziwa, kisha uliteke povu kwa kijiko, uliweke juu, na kijivumbi cha mdalasini. Nawatahadharisha kuhusu chupa: maziwa yanayochemka yakifungiwa na kutikiswa hurusha kifuniko, na maji ya moto si mchezo.

Ya baridi ni rahisi zaidi, na kwa joto la mwezi wa pili hapa kwetu ndiyo inayotakiwa. Kosa la wengi ni kutia sukari ndani ya kahawa iliyokwisha kupoa. Hukaa chini haiyeyuki. Tumia shira, ile ile ya kaimati, sukari na maji kiasi sawa pamoja na punje za iliki, ichemke kidogo tu isishike uzi. Ikae kwenye friji. Kahawa nzito iliyopoa, vijiko viwili vya shira, barafu, kisha maziwa baridi yamiminwe juu polepole, nayo hushuka ndani ya kahawa kama wingu. Binti yangu alishauri pia barafu ya kahawa, yaani kahawa yenyewe igandishwe katika vibweta vya barafu ili kinywaji kisizimuliwe na maji. Shauri hilo ni zuri, nalo si langu. Mdogo wao hutaka kakao ndani ya kila kitu, naye hupewa. Gilasi kubwa ya kahawa ya maziwa, kwa hesabu niliyoifanya mara mbili kwa kuogopa kukosea tena, haifiki shilingi 60.

Jambo moja la tahadhari: baada ya Isha nusu finjani yatosha kwa wasiozoea. Masufi wa Yemen waliinywa ili wasilale, na watoto wa shule hawana haja hiyo.

Kikao cha kwanza kilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, juu ya dari, pale nguo zinapoanikwa. Tulitandika mkeka kando ya vyungu vya asumini. Kutoka pale wauona mkono wa bahari na taa za ng'ambo, na upepo wa kusi ulikuwa umeanza. Binti yangu alikuwa amewaalika wenzake wawili wa afisini pamoja na binamu zake. Nilidhani nitakaa nao kidogo kisha niwaache, lakini mmoja wa wageni aliniuliza habari za Khair Beg, maana alikuwa ameshahadithiwa, na kisa kikavuta kisa. Waliniambia mambo ya kazi zao ambayo sikuyajua. Binti yangu alieleza kwamba kwa miezi mitatu alikuwa akifikiria kuacha kazi ile kwa jinsi anavyosemeshwa na mkubwa wake, na kwamba huko mkahawani ndiko alikokuwa akishauriana na wenzake. Miezi mitatu! Nami katika miezi hiyo nilijua habari za kila nyumba ya Kibokoni isipokuwa ya kwangu.

Nilimmiminia mke wangu finjani kwa mkono wangu. Kahawa ya harusini na ya matangani ameinywa sana, lakini hii ya barazani, nzito, chungu, iliyokaa juu ya majivu, hakuwahi. Alionja, akanyamaza, akaonja tena.

"Kumbe ni hii," alisema, "iliyokuwa ikikuweka nje miaka yote hii?"

Vijana walicheka hadi mmoja akamwaga kikombe chake. Nilicheka nao, ingawa yeye hakuwa akicheka sana.

Barazani bado naenda, lakini si kila usiku. Alhamisi na Jumapili ni za darini. Mzee muuza kahawa amenisamehe, naye kila tukutanapo huniuliza kama dele lafanya kazi. Nilimpelekea yetu katika chupa ya chai aonje. Akasema tangawizi imezidi na buni imeungua upande mmoja, kisha akaimaliza.

Suala la kazi ya binti yangu bado halijaamuliwa. Alhamisi iliyopita tulilirudia tena mpaka wageni wakaaga. Nilipoanza kukusanya finjani ili nikazioshe, nikainamisha dele kumwaga masimbi yaliyobaki, alinishika mkono. Alikuwa amesikia mahali kwamba yafaa kwa miti. Akayachukua kwa kijiko, akayatandaza katika chungu cha asumini, sisi wawili tukabaki pale tukizungumza hadi dele likapoa.